Fundi Huseni na Feni ya Kompyuta

Huseni alikuwa fundi wa magari huko Mutakura, mjini Bujumbura, na sikio lake lilisifiwa mtaa mzima. Gari likiingia garajini, hakukimbilia kufungua boneti. Alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha alisema, "Iyi mukanda imelegea," na kweli mkanda ulikuwa umelegea.

Alikuwa na desturi moja. Kila gari alilolibadilishia mafuta alilibandikia kikaratasi chini ya boneti. Kikaratasi kilikuwa na tarehe ya leo na tarehe ya kurudi. Mteja akichelewa, Huseni alimsema mbele ya watu.

"Miezi tisa aujabadilisha mafuta! We unataka kuua gari?"

Sasa sikia mambo ya nyumbani kwake.

Sebuleni mwake kulikuwa na kompyuta ya mezani. Aliinunua kwa watu wa ofisi moja ya mjini walipokuwa wanaleta mpya. Ilikuwa imekaa naye miaka sita, na hakuna aliyewahi kuifungua wala kuisafisha ndani. Mkewe, Assia, aliipenda kwa namna yake. Aliifunika kitambaa cheupe chenye maua, alichokifuma kwa mkono wake kabla ya kuolewa. Kitambaa kilikaa hapo siku zote, kompyuta iwe imezimwa au inafanya kazi. Na kila Ijumaa Assia alichoma udi karibu nayo, ili mgeni akiingia anuse harufu nzuri na aone kitambaa.

Aliyeitumia zaidi ni binti yao, Hayat. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Alikuwa anaandika memwari, ile kazi ndefu ambayo mwanafunzi hamalizi chuo bila kuipeleka. Ilitakiwa Jumatatu. Ambaye hangepeleka Jumatatu angesubiri mwaka mzima.

Lakini kompyuta ilikuwa nzito ajabu. Hayat aliiwasha asubuhi, akafagia ua, akaosha vyombo, akarudi. Bado ilikuwa inajikokota. Aliandika neno, akangoja litokee.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ilizimika yenyewe. Hayat aliiwasha. Ilikaa dakika mbili, ikazimika tena.

"Mama, imekufa!" alilia. "Memwari yote iko mule ndani. Kurasa makumi sita. Sina kopi!"

Assia alishika kichwa. Huseni, ambaye alikuwa amerudi kunywa chai, alibaki na kikombe mkononi.

"Imezeeka," alisema. "Kitu ikizeeka, utaifanya nini?"

Alisema hivyo bila kumtazama binti yake. Alikuwa na sababu.

Miezi miwili iliyopita, alikuwa peke yake sebuleni. Kompyuta ilikuwa inapiga kelele, na sikio lake likamwambia, "Feni imekauka." Basi alileta mafuta ya injini kutoka garajini, akayadondosha kupitia matundu ya nyuma. Kelele ikaisha. Huseni alijipongeza, akarudi kazini. Hakumwambia mtu.

Assia hakumngoja mumewe amalize chai. Alikwenda kumwita jirani yao Béatrice, ambaye wote walimwita Mama Chance. Béatrice alizaliwa Uvira, upande wa Kongo. Alikuwa na kibanda karibu na soko, na huko alitengeneza simu na kompyuta.

"Hodi!"

"Karibu, Mama Chance. Utuokoe."

Béatrice aliweka kiganja juu ya kitambaa, akauondoa mkono upesi.

"Yo! Inachoma. Mama Hayat, iyi nguo inakaa apa kila wakati?"

"Kila wakati. Ni juu ya vumbi, isiingie."

"Ata kama ordinateri, iyi kompyuta, inatumika?"

"Ata kama inatumika."

"Mama, mashini inapumua. Iko na matundu. Hewa ya baridi inaingia, hewa ya moto inatoka. We umeifunika blanketi, na joto yetu ya Bujumbura unaijua."

Assia alicheka kwa aibu. Alikitoa kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani.

"Tungoje ipoe," alisema Béatrice. "Kisha tutaiwasha, tukopi kazi ya mutoto mbele ya kila kitu. Ayo mengine ni baadaye."

Waliketi, wakangoja nusu saa. Hayat alishika flashi mkononi kwa nguvu kana kwamba ingekimbia. Mwishowe Béatrice aliinuka, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuwashia.

Huseni aliweka kikombe mezani. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua. Kompyuta ilikuwa imezeeka, na kila mtu angeamini. Lakini aliwakumbuka wateja wanaomficha mambo, wanaosema gari limeharibika lenyewe. Hao aliwachukia sana. Kisha alimwona Hayat akifumba macho.

"Usiwashe!" alisema.

Wote wakageuka.

"Mi niliweka mafuta."

"Mafuta gani, Baba Hayat?"

"Ya injini. Kwenye feni. Matone mawili."

Assia alimtazama mumewe. "Matone mawili tu?"

Huseni alikohoa. "Sawa. Kijiko moja."

Assia akazidi kumtazama.

"Vijiko viwili. Basi!"

Béatrice hakucheka, ingawa alitaka sana. Alichomoa waya ukutani, akafungua ubavu wa kompyuta. Wote wakachungulia. Ndani kulikuwa na tope jeusi, la vumbi, mafuta na moshi wa udi wa miaka mingi. Alisukuma feni kwa kidole. Haikuzunguka.

"Umefanya vizuri kusema," alimwambia Huseni. "Iyi ventilateri njo inapoza ubongo ya mashini. Ningewasha vile imekwama, moto ungepanda. Labda ingezimika nikiwa katikati ya kukopi, na kazi ya mutoto ingearibika."

Hayat alimtazama baba yake. Sifa ya Béatrice ilimpa Huseni nguvu.

"Nilete kompresa ya garaji? Dakika moja, vumbi yote inaruka!"

"Apana, Baba Hayat! Ile inapuliza na maji na mafuta, na nguvu yake itavunja vitu. Leta brashi ya rangi. Iwe mupya, laini, kavu."

Huseni alikwenda mbio, akaleta. Béatrice alifanya kazi taratibu, akieleza. Alionya wasitumie kitambaa chenye maji, wala wasipulize kwa mdomo, maana mate hutoka na pumzi. Feni iliyoshikwa na mafuta aliitoa kabisa. Alikuwa na nyingine kibandani, aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa, akaileta na kuifunga. Nyingine ndogo iliyokuwa nyuma aliisafisha huku ameizuia kwa kidole, isizunguke ovyo.

"Sasa washa," alimwambia Hayat.

Feni ilizunguka. Huseni aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Inaenda vizuri," alisema kwa sauti ndogo.

Ilichukua robo saa kuwa tayari. Jambo la kwanza, Hayat alinakili memwari kwenye flashi. Ilipoingia yote, alipumua, akambusu mama yake shavuni.

"Kila siku ukiandika, ukopi," alisema Béatrice. "Na kopi ingine ikae nyumba ingine. Leta kwangu."

"Lakini bado ni nzito, Mama Chance," alisema Hayat.

"Ngoja, uko njo nakuja sasa."

Alifungua orodha kwenye skrini. Programu kumi na moja zilikuwa zinaanza kwa pamoja kila kompyuta inapowashwa, na nyingi hakuna aliyezitumia.

"A!" alisema Huseni. "Ni magari kumi na moja yanataka kuingia garaji pamoja, na mulango ni moja."

"Ni ivyo kabisa. Izi tunazizuia. Utazifungua ukizihitaji." Béatrice aliendelea kutazama. "Na apa muko na walinzi wawili wa kuzuia virusi. Wanasumbuana. Moja inatosha, lakini ikiomba mapya ya entaneti ili ijue virusi vya sasa, muipe. Na kle, ni kusema flashi, ya mutu wa inje, muipime mbele ya kuifungua."

Kisha aliangalia nafasi. Kompyuta ilikuwa imejaa pomoni. Video ya harusi ya mdogo wake Assia ilikuwa imewekwa mara nne.

"Apana, usiifute!" alisema Assia.

"Mama, harusi ilikuwa ngapi?"

"Moja."

"Basi video moja inabaki."

Walifuta tatu, wakatoa na programu za zamani, wakamwaga kapu la takataka la kwenye skrini. Béatrice alisema waache siku zote sehemu moja kati ya tano ya nafasi ikiwa tupu. Halafu akauliza, "Nani anachomoa waya bila kuzima vizuri?"

Assia aliinua mkono polepole, kama mwanafunzi. Huseni alifurahi sana kuona kwamba hakuwa mkosaji peke yake.

Mwishowe walizima kwenye skrini, wakangoja iwe kimya. Hayat akaiwasha tena. Kwa mazoea, alichukua fagio, akaelekea uani. Hakufika mlangoni. Nyuma yake alisikia mlio wa kompyuta kuwa tayari.

"Mbona sijafagia!" alisema, na nyumba nzima ikacheka.

Aliandika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kompyuta haikuzimika hata mara moja. Jumatatu asubuhi aliipeleka memwari yake.

Jioni ile Huseni alirudi na kikaratasi cha garajini, akakibandika kwenye ubavu wa kompyuta. Juu aliandika tarehe ya leo na tarehe ya kurudi, miezi mitatu mbele. Chini aliandika kwa herufi kubwa: BRASHI. KUFUTA VISIVYOTUMIKA. KOPI KILA SIKU. MAFUTA APANA. Udi ulihamia kona ya pili ya sebule. Kitambaa cha Assia hakikufukuzwa, ila sasa kinawekwa kompyuta ikiwa imezimwa na imepoa. Na garajini, Huseni akimsema mteja, mteja aliyesikia kisa hicho humuuliza, "Na ile ya nyumbani?" Huseni humtajia tarehe kwa kichwa, bila kukosea.

Wiki chache baadaye, Hayat alileta memwari iliyochapwa. Béatrice aliitwa, chai ikamiminwa. Hayat alifungua ukurasa wa shukrani. Ulikuwa kwa Kifaransa, naye akawasomea kwa Kiswahili. Alimshukuru mama yake. Alimshukuru Mama Chance. Kisha akasoma:

"Na ninamushukuru baba yangu. Angeweza kunyamaza, lakini alisema."

Huseni alipangusa macho kwa mkono wake wa fundi.

"Iyi udi yako inaniuma macho," alimwambia mkewe.

Assia alitazama kona ya pili. Siku hiyo udi ulikuwa haujawashwa.