Karanga Ndani ya Kitabu cha Fizikia

Kila asubuhi Mama Noela hukaanga karanga kwenye mchanga wa moto mbele ya nyumba yake, Ushirombo. Huzichekecha, huzifunga kwenye vikaratasi, kisha huenda kuziuza stendi ya bodaboda. Wateja wanampenda. Hapunji, na ana maneno matamu.

Lakini wiki ile maneno matamu yalikuwa yamekauka. Binti yake, Noela, alikuwa amefaulu darasa la saba. Alipangiwa shule ya sekondari ya amali, yaani sekondari inayofundisha pia fani ya kazi. Noela angesoma fani ya umeme.

Noela alifurahi. Mama yake alilia.

"Nilitaka awe nesi," alimwambia mumewe kwa simu. Baba Noela anatengeneza pampu za maji kwenye mashimo ya dhahabu, upande wa Bugarama. "Sasa wanampeleka kushika nyaya pamoja na walioshindwa masomo."

"Mimi pampu nilijifunza kwa kuangalia tu," Baba Noela alijibu. "Ufundi hauna vitabu. Kama ni ufundi, si aje huku nimfundishe?"

Maneno hayo yalimwingia Mama Noela vibaya. Chini ya kitanda kulikuwa na vitabu vya Denis, mtoto wake mkubwa anayefanya kazi Shinyanga. Denis alimwachia mdogo wake vitabu vya Hisabati, Kiingereza na Fizikia. Siku zilizofuata Noela alikuwa Nkome, kando ya ziwa, kwa shangazi yake, akisaidia kuanika dagaa. Mama Noela akavuta kitabu cha Fizikia. Kama mtoto haendi kusoma, kitabu ni cha nini? Akaanza kuchana kurasa na kufungia karanga. Karatasi nyingine za kufungia zilikuwepo ndani ya nyumba. Mimi nasema alichana kwa uchungu tu.

Jioni moja jirani yao, Mwalimu Rhoda, alipita. Anafundisha umeme kwenye shule ileile aliyopangiwa Noela.

"Shikamoo, Mama Noela."

"Marahaba, mwalimu. Chukua karanga."

Mwalimu Rhoda alifungua kikaratasi, akatia karanga mdomoni. Mara akaacha kutafuna. Kwenye karatasi kulikuwa na picha ya betri, waya na taa.

"Mama, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kitabu cha Denis. Hakina kazi tena. Noela amepangiwa kwenu."

"Kwetu ndiko kinakohitajika," alisema Mwalimu Rhoda. Akavuta kigoda, akakaa. "Shuleni kwetu mtoto anasoma darasani na kwenye karakana. Darasani kuna Kiswahili, Kiingereza, Hisabati na Historia. Kuna Elimu ya Biashara, ili akija kufungua ofisi yake ajue kuiendesha. Anayesoma umeme anasoma na Fizikia. Kisha anaingia karakana, anashika nyaya kwa mikono yake."

"Kwa hiyo darasa haliachwi? Mume wangu pampu alijifunza kwa kuangalia tu."

"Likiachwa, karakana haina maana. Pampu unaiona ikizunguka. Umeme huuoni, mama. Fundi asiyejua waya gani unabeba umeme kiasi gani anaweza kuchoma nyumba ya watu."

"Na mtihani wa kidato cha nne?"

"Anaufanya kama wanafunzi wengine. Anafanya pia mtihani wa fani. Akifaulu anapata cheti cha kidato cha nne na cheti cha ufundi. Anaweza kuajiriwa, kujiajiri, au kuendelea na masomo ya juu."

"Lakini si mnapelekewa walioshindwa?"

"Noela hakushindwa, mama. Hesabu anaziweza sana. Sisi tunamsubiri kwa hamu."

Mama Noela alitazama beseni lake. Karanga zote zilikuwa zimefungwa kwa Fizikia.

Asubuhi iliyofuata alikwenda stendi bila karanga.

"Mama, leo vipi?" aliuliza Evance, dereva wa bodaboda.

"Leo sina cha kuuza. Nataka karatasi zangu."

Evance alicheka mpaka akaegemea pikipiki. Alipoona mama hacheki, akaanza kupekua mifuko ya koti lake. Wenzake wakainama wakatafuta chini ya benchi. Zilipatikana chache, nyingine zimelowa mafuta, nyingine zimekanyagwa. Mama Noela alizipokea zote.

Noela aliporudi kutoka Nkome, alimkuta mama yake mezani na bakuli la gundi ya unga wa ngano.

"Mama, unafanya nini?"

Mama yake alimweleza yote, bila kuficha. "Nilidhani hutakihitaji," alisema. "Nisamehe, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Humwita binti yake hivyo kwa kuwa amechukua sura ya bibi yake.

Noela aliketi kando yake.

"Kitabu si kitu, mama. Nilikusikia ukilia kwenye simu kabla sijaenda Nkome. Nilidhani unanionea aibu."

Mama Noela aliacha gundi, akamvuta kifuani. "Wewe? Wewe sijawahi kukuonea aibu. Nilikosea kutokuuliza."

Walilia pamoja. Halafu wakacheka, kwa sababu gundi ilikuwa imejaa kwenye nywele za Noela. Kurasa ambazo hazikupatikana Noela alizinakili kwa mkono kutoka kitabu cha Mwalimu Rhoda.

Mwisho wa muhula wa kwanza wazazi waliitwa shuleni. Baba Noela alikuja kutoka Bugarama, kavaa shati jipya. Waliketi kwenye karakana, wakamwangalia binti yao akiunganisha taa mbili. Alivaa ovaroli iliyompwaya kidogo. Alipowasha swichi, taa ziliwaka kwa mwanga hafifu sana. Mzazi mmoja akaguna. Mama Noela akashika mkono wa mumewe.

Noela hakubabaika. Alizima kwanza. Akachukua penseli, akachora nyaya zake kwenye karatasi, akaitazama.

"Nimezifuatanisha, kwa hiyo zinagawana umeme," aliwaambia. "Kila taa inataka njia yake."

Akafungua nyaya kwa bisibisi, akazipanga upya, akawasha. Taa zote mbili ziliwaka kwa nguvu.

"Mimi ningebadilisha taa," alinong'ona Baba Noela.

"Ungebadilisha mpaka jioni," mkewe alimjibu.

Yule mzazi aliyeguna aliinama kwao. "Binti huyu ni wa nani?"

"Wangu," alisema Mama Noela. Akamtazama mumewe, akamwona macho yamejaa machozi. "Ni wetu," akasema.