Betri ya Siku Tatu

Kwetu karibu na Karurumo, asubuhi inaanza na ng'ombe. Akilia mara mbili, najua nimechelewa. Nakamua, naweka chai motoni, kisha namwita mjukuu wangu.

"Mume wangu, amka! Kahawa haitajigeuza yenyewe."

"Mke wangu, hiyo chai imeiva ama unaongea tu?"

Msishangae. Kwetu Waembu, kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Mjukuu wangu anaitwa Ndwiga kama marehemu mzee wangu. Kwa hivyo mimi ni cucu wake, yaani nyanya, na kwa mzaha mimi pia ni mke wake. Ana miaka ishirini na minne.

Ndwiga anafanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa. Kahawa ikishaoshwa, inaanikwa juu ya meza ndefu za waya. Yeye anaigeuza kwa mikono, meza baada ya meza, kutwa nzima, ili ikauke sawasawa.

Zamani alivuta sigara. Hilo liliniuma. Babu yake alivuta miaka arobaini, na kifua ndicho kilichomwondoa. Mwaka wake wa mwisho alikuwa anatafuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima mbio, na yeye alikuwa ameketi tu kitini.

Basi siku Ndwiga aliponiambia ameacha sigara, nilimshukuru Mungu kwa sauti.

"Sasa natumia hii, cucu," akasema.

Alinionyesha kidude kirefu kama kidole. Vijana wanakiita vape. Ni sigara ya umeme. Ndani kuna betri na maji fulani. Ukivuta, betri inachemsha yale maji, unatoa moshi mweupe. Moshi huo ulinukia embe.

"Na hii haina tumbaku?" nikamuuliza.

"Ni mvuke tu. Kama wa sufuria."

Nikaamini. Kitu kinachonukia embe, mimi nitakishtaki kwa kosa gani?

Shida ilikuwa betri. Ilikuwa imeisha kila siku kufika saa sita. Ndwiga alikuja nyumbani mbio kuichaji, akakaa karibu na ukuta akiiangalia. Githeri, yale mahindi na maharagwe yangu, alikula bila kujua anakula nini. Ukimsemesha, anakufokea.

"Ndwiga, ongeza chumvi."

"Cucu, wacha!"

Baadaye anavuta mara tatu, nne, na uso unarudi wa mjukuu wangu. Mimi niliona haya yote. Sikuyaelewa.

Siku moja ya mwezi wa saba stima, yaani umeme, ilipotea tangu asubuhi. Saa sita Ndwiga akaja, akakuta hakuna. Akaacha kidude mezani, akarudi kazini amenuna.

Nikamhurumia. Na sisi wazee tunajua dawa ya betri iliyochoka. Betri za redio zikiisha, unazianika juani, na redio inaongea tena mpaka habari iishe. Lakini mwezi wa saba kwetu ni ukungu, jua hulioni. Basi nikaichukua ile sigara ya umeme, nikailaza kando ya jiwe la moto. Si motoni. Kando tu, pale ninapowekea viazi vipate joto. Nikatoka kumpa ng'ombe majani.

Niliporudi nilisikia kitu kikipiga mluzi. Kidude kilikuwa kimevimba katikati kama nyoka aliyemeza panya. Moshi ukatoka, si wa embe tena. Nikakisukuma nje kwa mwiko mpaka kwenye mchanga. Kikawaka moto kidogo, kikazima. Kilipopoa, mimi kwa ujinga wangu nikakiokota. Maji yake yakanimwagikia mkono wote. Nikajifuta na leso niliyojifunga kiunoni, nikaendelea na kazi.

Haikupita muda. Kichwa kikaanza kuzunguka. Mate yakajaa mdomoni. Nikashika nguzo ya zizi, nikatapika.

Na hapo mwili ukakumbuka kabla ya kichwa kukumbuka. Nilipokuwa msichana nilichuma tumbaku kule chini, Mbeere. Tulichuma asubuhi, majani yakiwa na umande. Tukifika nyumbani tulitapika hivi hivi, mate yale yale, kizunguzungu kile kile. Mama yangu alisema ni tumbaku imeingia kwa ngozi.

Nikaangalia mkono wangu uliolowa. "Kumbe ni wewe," nikasema. "Umejipaka embe tu."

Nikampigia simu Ruguru. Ruguru ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Anatembea nyumba kwa nyumba akipima watu presha. Siku nyingine yuko kwenye kibanda chake Karurumo akitengeneza simu. Alikuja na mfuko wake begani.

"Kwanza vua hiyo leso," akaniambia. "Imelowa. Inaendelea kukuingizia."

Aliniosha mkono kwa sabuni na maji mengi, mara mbili. Akanipima presha. Akakaa nami mpaka kizunguzungu kikapungua.

"Kingezidi tungeenda hospitali," akasema. "Na kama ni mtoto mdogo angeyanywa hayo maji, hata usingoje aanze kutapika. Unakimbia naye hospitali mara moja. Yanaweza kumuua. Sasa niambie, ilikuwaje?"

Nikamweleza habari ya moto. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka.

"Maitu! Mama yangu, hii si betri ya redio."

"Betri si ni betri?"

"Hapana. Hii ni ya aina ya simu. Inachukia joto. Ukiipasha inavimba, inaweza kulipuka ikukate vidole. Usiiweke motoni wala juani. Ikivimba, usiitumie tena. Na usiitupe kwenye moto wala chooni. Mtu aniletee pale kibandani, kuna watu hupita kuchukua betri mbovu."

Tukiwa hapo, Ndwiga akafika. Aliona kidude kimelala kwenye mchanga.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka ipate nguvu."

Alishika kichwa. Kisha akaona ndoo na uso wangu. Akapiga magoti. "Cucu, umeumia?"

"Nimepona. Lakini nimekuharibia kitu chako. Nitauza beberu wangu nikununulie kingine."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa. Ukivunja jembe la mtu, unampa jembe. Ndwiga akatoa simu haraka, akatuonyesha picha.

"Basi iwe hii. Hii ni ya kisasa. Betri imejengwa ndani kwa ndani, haitoki. Ukiichaji mara moja inakaa siku tatu. Ruguru, wewe unajua betri. Si hii ni nzuri?"

Ruguru alichukua simu, akasoma polepole.

"Kwa betri, kuna mambo ya kuangalia," akasema. "Betri ya ndani haibadilishwi. Siku ikifa, kitu chote kimekufa. Ikiwa kubwa, moto wake pia ni mkubwa ikiharibika. Unaichaji kwa waya wake, si waya wowote uliookota. Na usiichaji ukiwa umelala. Hayo ndiyo ya fundi. Sasa vua kofia ya fundi, niulize kama mhudumu wa afya."

"Nikuulize nini?"

"Hata usiniulize. Mimi nitakuuliza. Ile ya zamani ikizima saa sita, huwa unafanya nini mpaka ichajike?"

"Nangoja."

"Na ukingoja unajisikiaje?"

Mimi nikajibu. "Anakuwa mkali kama siafu. Mikono inacheza."

"Hiyo ni nikotini," Ruguru akasema. "Ni ile sumu ya tumbaku inayofunga mtu. Iko kwenye sigara, na iko kwenye hayo maji. Ndiyo iliyomtapisha cucu wako. Ile betri ndogo ilikuwa inakupumzisha kwa lazima. Ukipata ya siku tatu, nani atakupumzisha? Utavuta ukigeuza kahawa, utavuta ukienda choo, utavuta kitandani."

"Lakini si ni afadhali kuliko sigara?"

"Sitakudanganya. Sigara ni mbaya zaidi. Inachoma majani, inaleta lami na sumu nyingi kwa kifua. Umefanya vizuri kuiacha. Lakini kuhama nyumba inayoungua ukaingia kwenye yenye moshi, bado hujafika salama. Mapafu yanataka hewa."

Ndwiga akasimama. "Basi msiponisaidia nitarudi kwa sigara. Ndiyo mnataka?"

Neno hilo lilinichoma. Nilimwona mzee wangu kitini, akivuta pumzi. Nilikuwa na Ndwiga mmoja kaburini. Sasa wa pili alikuwa ananiambia nichague dawa ya kumfunga. Nikashika mkono wake.

"Mume wangu," nikasema, na safari hii sikuwa nikicheka. "Nimekuharibia kitu na nitakulipa. Nitakununulia viatu, nitakununulia simu. Lakini tumbaku siinunui kwa mkono huu. Yule wa kwanza nilimnunulia sigara dukani, na nilikuwa nampelekea kiberiti mwenyewe. Sikujua. Sasa najua."

Alitazama chini.

"Siwezi kuacha, cucu. Nilijaribu. Siku ya pili nilimtukana msimamizi."

Ruguru akarudi kukaa kwenye kigoda. "Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nangoja," akasema. "Ulijaribu peke yako na bila mpango. Sikiza. Hamu ikija, inapanda, inafika juu, halafu inashuka. Ni dakika chache, hata ukiona kama ni siku nzima. Huhitaji kushinda siku nzima. Unashinda hizo dakika. Kazini una nini cha kufanya kwa hizo dakika?"

"Kahawa tu."

"Meza moja inakuchukua muda gani kugeuza?"

Ndwiga akafikiri. "Kama dakika tano. Kumi nikifanya pole pole."

"Basi hamu ikija, chukua meza moja. Usiiache mpaka ufike mwisho wake. Kama bado, chukua nyingine. Waambie wenzako wasikupe hata sigara moja. Na twende hospitali tuulize. Kuna chingamu ya dawa ya kusaidia watu kuacha. Wakati mwingine iko, wakati mwingine haipo, lakini kuuliza si dhambi."

Walienda. Siku hiyo chingamu haikuwepo, wakaambiwa warudi. Muuguzi alimwandikia siku ya kuanza na akampa namba ya simu ya kupiga bure akizidiwa.

Sitawaambia ilikuwa rahisi. Siku tatu za kwanza nyumba yangu ilikuwa na mbogo. Alipiga mlango teke. Alilala vibaya, akaamka analalamika kichwa. Mimi nilimwekea nduma, yaani magimbi, zilizochemshwa mfukoni ili mdomo uwe na kazi. Alizila zote, akarudi kudai nyingine.

"Mke wangu, utaniua na nduma."

"Afadhali nduma, mume wangu."

Siku ya nne alikuja akakaa mbali nami. Nikajua. Sigara ina harufu yake.

"Nimeanguka, cucu. Kithaka, mwenzangu wa kazini, aliwasha, nikaomba."

Nilitaka kulia. Nikampigia Ruguru badala yake. Ruguru hakumkemea.

"Umevuta ngapi?" akamuuliza.

"Moja."

"Na siku nne ungevuta ngapi?"

"Nyingi sana."

"Basi hujarudi mwanzo. Mtu akijikwaa akipanda kutoka mtoni, hashuki tena hadi mtoni. Kesho meza zako unazijua. Na huyo Kithaka, mwambie kwa mdomo wako."

Alimwambia. Kithaka alimcheka kwanza, akamwita muumini. Siku ya tatu akaacha kumcheka, akaanza kuwashia sigara yake mbali, nyuma ya kiwanda.

Wiki ya pili chingamu ilipatikana. Wiki ya tatu Ndwiga aliniambia chakula kina ladha. "Umebadilisha githeri?" akauliza. Sikuwa nimebadilisha kitu. Wiki ya nne msimamizi aliuliza kwa nini meza za Ndwiga zinakauka vizuri kuliko za wengine. Hakumjibu. Alinisimulia mimi tu, akicheka peke yake, kwamba kwa sababu ya hamu kila meza iligeuzwa mara mbili ya kawaida.

Wiki ya saba kiwanda kilimtuma Embu mjini kuchukua magunia. Nilikuwa nachagua maharagwe simu ikalia.

"Cucu."

"Ee. Umefika?"

"Nimefika. Niko mbele ya duka."

"Duka la magunia?"

"Hapana." Nikamsikia akivuta pumzi. "Ile ya siku tatu iko hapa, kwenye kioo. Na pesa ninayo."

Nilitaka kumwambia mambo ya babu yake, mambo ya Mungu, mambo ya Ruguru. Kisha nikaona hayo yote anayajua.

"Unataka nikuambie nini?" nikamuuliza.

"Chochote. Ongea tu mpaka nipite."

Basi nikaongea. Nilimwambia ng'ombe amekanyaga ndoo. Nilimwambia kuku mwekundu ametotoa saba, na mmoja ana miguu myeusi. Nilimwambia mvua imeanza upande wa Runyenjes, na maharagwe haya yana wadudu, na Ruguru amepata kitambaa kizuri. Nilisema hata bei ya kabichi. Nilisikia magari kwenye simu yake, na watu, na hatua zake. Sikusimama. Koo lilianza kukauka na bado nikaongea.

"Cucu," akasema mwisho. "Nimepita."

"Umefika wapi?"

"Kwa duka la magunia. Niko ndani."

"Basi sawa," nikasema. Lakini sikukata simu. Nilimweleza habari ya ng'ombe tena, polepole, mpaka nikamsikia akihesabiwa magunia.