Aliyemimina Maji

Kila siku ya shule Émilie aliamka mapema, akafagia uwanja, akachota maji kwenye bomba la mtaa, kisha akamwogesha mdogo wake Alexis kabla ya kwenda darasani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Walikaa Tshopo, upande wa kaskazini wa Kisangani, ambapo mvumo wa maporomoko ya mto husikika mchana kutwa. Baba yake, Papa Alphonse, alifanya kazi katika treni ya Ubundu, akawa anarudi nyumbani mara moja kwa juma.

Alexis alikuwa na miezi minne, na alikuwa hajabatizwa. Tonton Sébastien, mjomba aliyechaguliwa kuwa baba yake wa ubatizo, alikuwa safarini Opala, na meli ilichelewa. "Tumngoje," Papa Alphonse alisema. "Mutoto habatizwi bila tonton wake." Wakangoja.

Jumatano, baada ya shule, Émilie alikwenda kwenye mafundisho ya dini. Katekista, Papa Wenceslas, alikuwa mtu mrefu mwenye koti lililochakaa viwiko. Siku hiyo aliwafundisha watoto jinsi ya kumbatiza mtu anayekaribia kufa ikiwa padri yuko mbali.

"Nani humimina maji?" aliuliza.

"Mtu mmoja!"

"Nani husema maneno?"

"Yule yule!"

"Na wawili wakigawana kazi?"

"Si ubatizo!"

Émilie alijua majibu yote, lakini aliyasema kwa sauti ndogo mno.

"Papa, huyu anajibia tumboni!" mvulana mmoja alisema, na darasa zima likacheka. Émilie akainama.

Juma lile lile Alexis alishikwa na homa. Mama yao, Mama Pélagie, alimpeleka dispansari, akapewa dawa, lakini homa haikushuka. Ijumaa alasiri mtoto akaanza kutetemeka mwili mzima. Mama yake akajifunga kikwembe kiunoni.

"Nakimbia kumwita Papa Wenceslas," alisema. "Ukiona mutoto anatuacha, umubatize. Maneno unayajua."

Alipotoka, Asha akaingia. Asha alikuwa jirani yao wa umri mmoja na Émilie, binti wa Waislamu waliotoka Maniema. Alikuwa amemwona Mama Pélagie akikimbia bila viatu.

Mara macho ya Alexis yakapinduka. Mwili wake uliruka-ruka mikononi mwa Émilie, naye aliogopa kuuachia hata mkono mmoja asije akamwangusha.

"Asha, chukua kikombe! Umimine maji kichwani pake mara tatu. Miye nitasema."

"Miye? Miye si mutu wa kanisa lenu."

"Mimina, Asha!"

Asha akamimina. Émilie akasema, "Alexis, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hakuwahi maishani mwake kusema neno kwa sauti kubwa namna ile. Mtoto akafumbua macho, akamwangalia dada yake. Baadaye kidogo mwili ukatulia, ukatulia kabisa. Asha akakimbia kwao kumwita mama yake.

Mama Pélagie na katekista walipofika, Papa Wenceslas alipiga magoti, akamgusa mtoto kifuani.

"Amebatizwa?"

"Ndiyo, Papa."

"Ulimimina maji wewe mwenyewe, na maneno ukayasema wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo Émilie alipokumbuka fundisho la Jumatano. Akamtazama mama yake, na mama yake alikuwa akiutazama mdomo wake, akingoja.

"Ndiyo, Papa," Émilie akasema.

"Bon," katekista akasema polepole. "Mama, usilie. Mtoto mdogo aliyebatizwa hana dhambi. Huenda moja kwa moja kumwona Mungu. Huzikwa kwa nguo nyeupe, wala hatumwombei. Yeye ndiye anayetuombea sisi. Malaika hafanyiwi matanga."

Mama Pélagie akameza kilio chake. Kesho yake Alexis alizikwa katika makaburi ya misioni, akiwa amevikwa nguo nyeupe. Wanawake wa Isangi, kwao Mama Pélagie, waliokuja na mikeka yao ili wakae naye matangani, walirudishwa majumbani. Papa Alphonse aliporudi na treni, alikaa nyumbani siku mbili, kisha akarudi kazini.

Tangu hapo Mama Pélagie akawa anaongea na mtoto wake. "Alexis, malaika wangu, utuombee," alisema akipepeta mchele. Alijaribu kutabasamu. Lakini chakula alikiacha sahanini, na maziwa yaliendelea kuilowesha blauzi yake. Émilie alipomsikia akimwomba malaika yule, alitoka nje.

Siku ya tisa baada ya maziko, Émilie alimkuta Asha kwenye bomba.

"Alors, Émilie, sasa miye ni padri?" Asha alisema, akitaka kumchekesha rafiki yake. "Nilibatiza mutu!"

"Nyamaza!"

"Kwa nini? Nilimimina vibaya?"

Émilie akatazama huku na huku. "Niliwaambia nilimimina miye."

Asha akaitua ndoo yake chini. "Ulisema uongo juu ya maiti?"

"Mama alikuwa ananitazama."

Asha akafunga bomba. "Kwetu, mutu akikufa, wanamuombea. Alexis, nani anamuombea?"

"Hakuna mutu," Émilie akasema. Alipolisikia neno lile likitoka kinywani mwake, aliiacha ndoo palepale na kwenda hadi nyumbani kwa Papa Wenceslas.

Katekista alimsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, akachukua kofia yake.

"Twende kwa mama yako."

"Papa, neno hili litamuua."

"Twende."

Mama Pélagie alikuwa ameketi kitini mlangoni. Émilie alimweleza yote akiwa amesimama: kikombe, mkono wa Asha, na jibu lake la uongo. Mama yake hakumpiga wala hakumgombeza. Alimgeukia katekista.

"Papa Wenceslas, mutoto wangu iko wapi?"

"Tunafundishwa kwamba mtoto asiyebatizwa hateswi," alijibu. "Lakini haoni uso wa Mungu."

"Na siku nitakufa, nitamukuta?"

Papa Wenceslas akavua kofia yake. "Sijui, Mama. Rehema ya Mungu sijaona mwisho wake. Tutamwachia Mungu mtoto huyu, na tutamwombea. Nikikuambia zaidi ya hapo, nami nitakuwa mwongo."

"Nilitaka Mama asilie," Émilie akasema, machozi yakimtoka.

"Najua, mwanangu. Kosa la kwanza lilikuwa la hofu, na hilo hakuna wa kukulaumu. Mimi nami nilikosa. Nilimkataza mama asilie kabla sijauliza sawasawa. Lakini uangalie uongo ulifanya nini. Siku tisa Alexis hakuombewa sala hata moja, na mama yake hakupata kumlilia. Uongo wa huruma ni uongo tu. Waliokufa hauwapi kitu, na walio hai unawanyang'anya. Ukikosa, useme siku ile ile, hata kama sauti yako ni ndogo."

Mama Pélagie alikuwa kama hasikii.

"Maji yalikuwa baridi?" aliuliza.

"Ya mtungi, Mama. Baridi kidogo."

"Alifumbua macho?"

"Alifumbua. Aliniangalia."

Mama Pélagie akaitikia kwa kichwa. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akashuka kutoka kwenye kiti, akaketi chini na kunyoosha miguu kama wanavyoketi wafiwa. Kisha akalia. Alilia kwa sauti iliyofika mpaka kwenye bomba.

Mama wa Asha ndiye aliyefika wa kwanza, kisha wanawake wengine, mmoja mmoja, na mikeka yao. Émilie akasogea kando ya mama yake. Papa Wenceslas akapiga ishara ya msalaba na kuanza kumwombea marehemu. Hivyo matanga ya Alexis yakaanza, siku ya tisa baada ya kuzikwa.