Koti la Jumapili

Stoo ya vipuri ya kiwanda cha pampu iliungua Jumapili mchana, na kabla jua halijazama polisi walishampata mtu wao. Mlinzi wa getini alikuwa amemwona akitokea mlango wa nyuma, amempa mgongo, koti la kahawia la miraba, kofia imeshushwa hadi masikioni. Kamera ya uani nayo ilimwona hivyo hivyo. Kiwandani pale mwenye koti la namna ile ni mmoja tu, Meneja mwenyewe. Walipofika kwake walilikuta koti kwenye kamba ya kuanikia, linachuruzika maji. Mtu anayefuliwa koti siku ile ile ya moto ana maelezo ya kutoa.

Meneja hakuwa nayo. Alipoulizwa alivaa nini siku hiyo, alijibu kwamba alivaa kilichokuwa kwenye hanga. Kilikuwa nini? Hakumbuki. Koti hili ni lake? Huenda. Alikuwa wapi wakati wa moto? Alikwenda kutembea bwawani peke yake, kama Jumapili zote. Askari aliyekuwa akiandika aliona anachezewa shere, akafunga jalada kwa kishindo na kumsweka ndani. Kuchoma mali ya kampuni si kosa la faini. Meneja alikuwa anatazama miaka mingi ya gereza.

Jumatatu asubuhi jalada lilipewa Inspekta, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, asiyependa kesi zinazomfikia zimeshaiva. Kesi ya namna hiyo, alikuwa akisema, lazima kuna mtu aliyekaa jikoni. Alianza kwa mlinzi.

Mlinzi alikuwa na uhakika wa asilimia mia. Alipobanwa kama aliuona uso, alikasirika. "Uso wa nini, afande? Koti lile nalijua."

Inspekta alimwona mzee ana jambo moyoni, akamwachia nafasi. Likatoka. Stoo ile haikuwa mara yake ya kwanza kuungua. Miaka mingi nyuma iliwahi kuteketea, akafungwa mtunza stoo, mtu mpole, rafiki yake mlinzi. Shahidi alikuwa huyu huyu Meneja, enzi hizo fundi mdogo tu. Aliapa mahakamani kwamba alimtambua mtunza stoo kwa mgongo, kwa shati lake jekundu, akitoka mlango wa nyuma. Mtunza stoo alifia gerezani. Mlinzi aliyasema haya akitazama majivu, na kwa kweli hakuonekana kumwonea Meneja huruma hata chembe. Inspekta akamtia naye kwenye orodha ya kichwani, kisha akamtoa: muda wote wa moto alikuwa getini na dereva wa lori wakibishana habari za mpira, na dereva alikiri ameshindwa.

Nyumbani kwa Meneja, mkewe alimpokea Inspekta akiwa na macho mekundu ya kulia na hasira iliyoyazidi machozi. Alimpeleka moja kwa moja kabatini.

Ilibidi aeleze, kwa sababu kabati lenyewe lilikuwa kichekesho. Hanga saba zilipangwa kwa mstari, kila moja ina suruali, shati, koti au sweta, hata soksi zimebanwa kwa kibanio, na juu yake kipande cha kadibodi chenye jina la siku. Mumewe, alisema, na maduka ya nguo ni paka na panya. Akiingia dukani jasho linamtoka, anachukua cha kwanza kilicho mbele yake na kukimbia. Aliwahi kurudi na viatu viwili vya mguu mmoja. Miaka mitatu iliyopita binti mmoja akagonga mlango, akajieleza kuwa huwanunulia nguo watu wasio na muda au wasiopenda maduka. Wao wakamwita Dada wa Nguo. Alikuja na futi ya kupimia, akampima Meneja, na tangu hapo ndiye anayemvisha. Kila nguo huleta saizi mbili, Meneja anajaribu sebuleni, isiyokaa sawa inarudi dukani. Na kwa kuwa Meneja akiachiwa huweza kuvaa miraba juu ya mistari, kila Jumamosi yeye huja kupanga hanga za wiki. Meneja akiamka anachukua ya siku, anavaa, anaondoka. Hatazami.

Inspekta, ambaye naye alinunua nguo mara moja kwa mwaka na kwa kulazimishwa na dada zake, alimwonea wivu kidogo. Aliuliza nani anayejua mpangilio wa hanga. Wanaojua ni watatu: mke, Dada wa Nguo, na mdogo wake mke, kijana anayekaa chumba cha uani.

Shemeji huyu alikuwa na kila sifa ya mshukiwa. Kimo chake na cha Meneja kilikuwa kimoja, na Meneja alikuwa amemfukuza kazi pale pale kiwandani kwa uchelewaji. Halafu akadanganya. Alisema Jumapili alilala kutwa, jirani akasema alimwona anatoka kajipulizia manukato mtaa mzima. Inspekta alimkalisha kituoni hadi akalegea. Alikuwa amekwenda kwa mchumba ambaye dada yake hataki hata kumsikia. Mama wa mchumba huyo alithibitisha, kwa shingo upande.

"Afande, mimi shemeji simpendi," kijana alisema. "Lakini ningetaka kumtia matatani kwa koti lile ningekuwa mjinga. Nilikuwepo lilipomwagiwa chai."

Inspekta akarudi kwa mke siku hiyo hiyo. Chai gani? Mke akashika kichwa. Si alishamwambia askari, akachekwa? Asubuhi ya Jumapili, mezani, Meneja alijimwagia kikombe kizima kifuani. Mdogo wake alicheka hadi akapaliwa. Yeye alimvua mumewe koti hapo hapo, akalitumbukiza kwenye beseni, akampa sweta la kijivu, na ndilo alilokwenda nalo bwawani. Sasa mumewe hakumbuki hata sweta.

"Wewe ni mkewe," Inspekta alisema. "Mke husema lolote."

"Basi uliza koti lenyewe."

Lilikuwa kielelezo sasa, limekauka kwenye mfuko wa polisi. Inspekta alilitandaza mezani na kuligeuza ndani nje. Mikono yake ilikuwa imekunjwa na kushonwa kwa sindano ya mkono, kazi ya mke, kwa sababu Meneja ana mikono mifupi. Akaenda kwenye picha za kamera na kuzisimamisha pale mtu anapouvuta mlango wa nyuma. Mikono ya koti ilikuwa imemmeza hadi ncha za vidole. Mgongoni, ukitazama vizuri, kulikuwa na mistari miwili ya kukunjwa, ile ya nguo iliyotoka juzi kwenye mfuko wa duka.

Kwa hiyo makoti yalikuwa mawili. Na aliyevaa la pili hakujua kwamba la kwanza liko kwenye beseni. Mke alijua na shemeji alijua, maana wote walikuwa mezani. Inspekta alikwenda duka la nguo za kiume, na muuzaji alikumbuka bila taabu. Dada wa Nguo ni mteja wake, huchukua saizi mbili na kurudisha moja. Koti hili alichukua mawili ya saizi moja, hakurudisha hata moja. Muuzaji alimtania kama amepata mapacha.

Siku ya kumfikisha Meneja mahakamani, mke alimwomba Dada wa Nguo alete suti. Aliombwa na Inspekta amwombe hivyo. Binti alifika kituoni mapema, mrefu, nadhifu, suti imelazwa mkononi. Alimkabidhi Meneja, akamnyoosha na kola ya shati alilokuwa nalo mwilini. Meneja alimshukuru.

"Jumapili alivaa nini?" Inspekta alimuuliza binti, kama mtu anayepitisha muda.

"Koti la miraba. Nililiweka mwenyewe."

"Na kama hakulivaa?"

"Avae nini? Yeye huvaa anachokikuta."

"Alilimwagia chai," alisema mke, aliyekuwa ameketi pembeni ya mumewe. "Wakati stoo inaungua lilikuwa kwenye beseni."

Dada wa Nguo hakupepesa macho, ila mkono wake ulibaki hewani, karibu na kola. Inspekta alimweleza mikono iliyoshonwa, mistari ya mgongoni, na makoti mawili ya saizi moja. Kisha akamwambia kwamba askari wake wametoka kwake sasa hivi, na koti la pili limekutwa kabatini, linanuka petroli. Kwa nini hakulitupa?

"Nilitaka kulitazama siku atakayofungwa," binti alijibu.

"Mtunza stoo alikuwa nani kwako?"

"Baba."

Meneja alikaa chini. Binti alimgeukia yeye, si Inspekta. "Fumba macho. Suti niliyokuletea ni ya rangi gani?"

Inspekta angeweza kumzuia. Hakumzuia. Meneja alifumba macho, suti ikiwa mapajani mwake. "Nyeusi," alisema. Ilikuwa ya bluu. Akaulizwa rangi ya shati alilovaa, akalipapasa kifuani kwa vidole.

"Sikuja kwako kulipiza," Dada wa Nguo alisema. "Nilikuja kuhakikisha. Nilijiambia, huenda ni mtu wa kuona nguo, huenda kweli aliliona shati la baba, baba ndiye aliyetudanganya. Mwaka wa kwanza nilikuvisha soksi za rangi mbili, wiki nzima. Hukujua. Hapo ndipo nilipojua ulikula kiapo cha uongo. Baada ya hapo nilitaka uhukumiwe kwa mgongo, kama yeye. Na ukikana watu wasikuamini, kama ambavyo hawakumwamini yeye."

Mke alimuuliza mumewe kama ni kweli. Meneja aliongea akitazama sakafu. Alikuwa fundi kijana, akaacha mtungi wa kuchomelea unawaka karibu na rangi, akaenda kula. Aliporudi stoo ilikuwa moshi mtupu. Wakubwa walitaka jina. Shati jekundu la mtunza stoo wote walilijua, walimtania nalo kila siku, likamjia mdomoni. Hakuona shati. Hakuona mtu yeyote. Mke alisogeza kiti chake mbali naye, kidogo tu, lakini chumba kizima kilisikia.

Meneja aliuliza kama anaachiwa. "Kwa moto wa Jumapili, ndiyo," Inspekta alisema. "Kwa ule mwingine, kaa hapo hapo." Akamwita askari aandike.

Binti alinyoosha mikono atiwe pingu. Alijua anakwenda kufungwa na hakujitetea. Aliomba jambo moja kabla ya kutolewa, na Inspekta, ambaye hakuwa na sababu ya kumkubalia, alimkubalia.

"Mtaje jina," alimwambia Meneja. "Aandike. Ulimfunga nani?"

Meneja alifungua mdomo. Alisema Mzee wa Stoo. Akasema hapana, ngoja, akajishika paji la uso, akamtazama mkewe kana kwamba yeye angejua. Halikuja. Askari alikaa na kalamu juu ya karatasi, akingoja, na katika kungoja kule jasho lilianza kumtoka Meneja kama mtu aliyetiwa dukani.

Dada wa Nguo akamtajia. Majina yote matatu, polepole. Akamtaka ayarudie. Alikosea la katikati, akaambiwa arudie tena, akarudia, na binti hakukubali kutoka mlangoni mpaka aliposema sawasawa.