Feni ya Kompyuta ya Marehemu Mathias

Rafiki yangu Coleta alinisimulia haya tulipotoka misa ya kumwombea marehemu mume wangu. Coleta si mtu wa kutunga uongo.

Kaka yake Mathias alipofariki, siku ya kuondoa matanga ndugu wote walinyolewa. Rhoda, binti wa marehemu, aliuogopa wembe, akalia. Coleta akamhurumia, akamfunga kitambaa kichwani na kuwaambia wazee kwamba mtoto ameshanyolewa.

Baadaye akapeleka kompyuta ya marehemu kwa fundi Amos, mjini Sumbawanga, ifufuliwe apewe Rhoda. Alikwenda na Rhoda, ambaye bado alikuwa amefungwa kitambaa wazee wasizione nywele zake. Mawingu ya mvua yalifunga hadi kibanda cha fundi kikawa giza. Kompyuta iliwaka, lakini feni ikawa inalia kwaru, kwaru, kama wembe juu ya kichwa.

"Mama, humu mlikuwa mnafuga paka?" Amos akacheka, akaizima na kufungua kifuniko.

Uvundo ukawapiga usoni. Feni ilikuwa imejaa nywele zilizolowa, zinateleza kwa povu la sabuni. Amos alizivuta kwa koleo, zikatoka mabonge mabonge, zikiburuta ute kama kamasi. Coleta akatapika mlangoni.

Mwisho ukatoka msuko mzima, umefungwa uzi mwekundu. Uzi ule Coleta alikuwa ameufunga mwenyewe kwenye nywele za Rhoda asubuhi hiyo.

"Shangazi," Rhoda akasema, "kichwa changu kinasikia baridi."

Coleta akamvua kitambaa. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, ngozi inang'aa, na povu bado lilikuwa likimchuruzika shingoni.