Mlango wa Upande wa Abiria

Gari lilikuwa gereji, lakini nyumba ilinuka petroli.

Mwanaamina aliinusa kwanza kwenye kanga anayombebea mtoto, halafu kwenye maji ya kunywa, halafu kila mahali, na kila siku ilikuja saa ileile ya magharibi, ukungu unaposhuka Kasulu na watu wanafunga madirisha. Akamwambia mume wake, Nurudini. Nurudini akanusa shati lake mwenyewe, akacheka.

"Ni mimi, mama Shadia. Si nashinda gereji kwa Tharsisi? Ungeolewa na muuza dagaa ungesemaje?"

Mwanaamina akacheka na yeye. Alitaka sana iwe hivyo.

Siku ya ajali walikuwemo wote watatu: Nurudini kwenye usukani, yeye upande wa abiria, na Shadia, mtoto wao wa miaka mitatu, amelala mapajani mwake. Walikuwa wanatoka Kibondo kupeleka vitenge. Mvua ilikuwa imekatika, daraja la Malagarasi wameshalivuka, hakuna nyumba, hakuna mtu, pori tu kulia na kushoto. Ghafla mlango wa Mwanaamina ukapigwa kofi kwa nje. Pa. Mara moja, karibu kabisa na sikio lake.

Sasa Nurudini, kabla hajafungua duka, aliendesha Hiace za abiria miaka mingi, na dereva wa Hiace hasikilizi maneno, anasikiliza bodi: konda akipiga mara moja, simama, akipiga mara mbili, twende. Mguu wake ukakanyaga breki kabla hajajiuliza konda gani huyo, porini, gari liko mwendoni. Tope likawachukua, gari likazunguka, likajipigiza ubavu wa kulia kwenye ukingo wa mtaro. Hakuna aliyeumia. Waliposhuka, barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma.

Ila Tharsisi, fundi wa kunyoosha bodi, alilizunguka lile gari akasimama upande wa pili.

"Mmegonga kulia," alisema. "Huku kushoto nani kawaegemea?"

Mlango wa abiria ulikuwa umebonyea katikati, bonde pana la mviringo, kama mtu mzito ameuegemeza mgongo wake akajipumzikia. Tharsisi aliugonga kutwa nzima mpaka ukanyooka. Asubuhi yake akakuta bonde limerudi palepale.

"Bati hili linanigomea, bwana Nuru. Badilisha mlango, au uza gari lote lilivyo. Mimi huu siugusi tena."

"Tuuze," Mwanaamina alisema haraka. "Tuuze tu baba Shadia, tutafute lingine, hata dogo, hata bovu kidogo, lisiwe hili."

"Injini nzima, chesisi haijapinda, niuze gari kwa sababu ya mlango mmoja? Watu watanicheka mpaka Kakonko."

Basi wakabadilisha mlango. Carina yao ilikuwa ya kijivu, na mlango uliopatikana, kutoka kwenye gari lililokatwa vipuri Kigoma, ulikuwa mwekundu. Wakati gari likiwa bado gereji likisubiri huo mwekundu, ule wa zamani ulibebwa kwa bodaboda hadi nyumbani, maana Bi Mwanahawa, mama yake Nurudini, alisema hautupwi. Vicheche walikuwa wanammalizia kuku, na banda lake lilikuwa linafungwa kwa gunia. Wakaufunga kwenye miti ya banda kwa bawaba na waya, ukakaa kama ulipimwa. Kioo chake kilikuwa kimezama chini na betri ya kukipandisha haipo, kwa hiyo bibi akaziba dirisha kwa lile gunia lake.

"Kuku wangu sasa wanapanda gari," aliwaambia majirani. "Mimi mwenyewe mwanangu ananitembeza kwa miguu."

Kuku hawakupanda. Kila jioni walirukia rundo la kuni wakalala huko, wamebanana, hata mvua ikinyesha. Bibi akasema watazoea.

Gari lilirudi na mlango wake mwekundu, likawa linaegeshwa uani, kati ya ukuta wa nyumba na banda. Magharibi ya kwanza tu, Mwanaamina akiwa anachochea maharage, akasikia.

Pa.

Kofi la mkono kwenye bati. Mara moja. Akachungulia: gari limetulia, hakuna mtu, petroli inanuka mpaka inawasha macho. Kesho yake tena. Kesho yake tena. Na siku moja akamkuta Shadia amesimama uani, mikono nyuma, ameinamisha kichwa kama mtoto anayetumwa dukani na mkubwa.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na bibi wa kwenye gari. Anasema tumfungulie."

Mwanaamina alimbeba akakimbia naye ndani, na alipomweleza mumewe alimweleza kwa kunong'ona, mdomo kwenye sikio, kana kwamba gari lina masikio.

"Ni ule mlango mwekundu, Nuru. Tumenunua mlango wa watu hatujui walikufaje. Kuna mtu amekuja nao."

"Usiseme hivyo mbele ya mama."

"Mama mwenyewe anasikia. Muulize kwa nini siku hizi anaswalia chumbani."

Bi Mwanahawa alikuwa anasikia kweli, ila aliogopa midomo ya mtaa kuliko alivyoogopa hicho kitu. Alikubali gari lisomewe kwa sharti moja: lisisomewe pale nyumbani. Kwa hiyo walilipeleka kulekule gereji, na Maalim Abdalah, mwalimu wa madrasa anayesomea wagonjwa, akalikuta huko. Alikaa kiti cha mbele, akashika mlango mwekundu kwa kiganja, akasoma kirefu, akafukiza ubani mpaka Tharsisi akakohoa. Kisha akashuka anajifuta jasho.

"Hapa hamna mtu," alisema. "Gari hili ni safi. Mlango huu pia ni safi."

Mwanaamina akamtazama mumewe, naye Nurudini akatazama chini.

"Kuna kitu kingine kilichokuwepo siku ya ajali?" Maalim akauliza. "Nguo, mzigo, chochote?"

"Hakuna, Maalim. Vyote ndiyo hivi."

Nurudini hakudanganya. Kichwani mwake ule mlango wa zamani haukuwa kitu cha gari tena. Ulikuwa mlango wa banda la kuku la mama yake, na nani anamtajia maalim banda la kuku?

Njiani Mwanaamina alilia. Alisema maalim hajui kitu, alisema yeye hakai tena kwenye kiti kile, alisema mtoto wake ataitwa siku moja aende na wao watabaki na injini nzima na chesisi isiyopinda. Walipofika Nurudini akasema, "Basi. Nalibadilisha."

Akapatana na mfanyabiashara mmoja wa Manyovu: atoe Carina, aongezee kidogo, achukue Noah nyeupe isiyo na mkwaruzo. Siku aliyokwenda kuifuata, Mwanaamina alifua nguo zote za nyumba, akamsuka Shadia, akaimba. Uani palibaki doa la oili tu. Jioni simu ikaja: Nurudini ameshapita Buhigwe, gari tamu, anakuja. Bi Mwanahawa akaingia chumbani kuswali. Ukungu ukashuka.

Harufu ya petroli ikaja.

Pa.

Mwanaamina alisimama na mwiko mkononi. Gari halipo. Alijiambia gari halipo, limeuzwa, liko Manyovu, mlango mwekundu uko Manyovu. Akaita, "Shadia?" Akaita tena kwa sauti ndogo zaidi, maana uani alikuwa anaona kuku wote juu ya kuni wamegeuza vichwa upande mmoja, na hapo ndipo na yeye akageuka akaona gunia limedondoka chini, na dirishani mwa ule mlango wa kijivu wenye bonde la mgongo kuna uso wa mwanawe, umetulia, umeinuka juu kuliko kimo chake, kama mtoto aliyepakatwa, na chini ya kidevu chake kioo kinapanda, taratibu, chenyewe, na ule mlio mdogo wa mota anaoujua, mlango hauna betri, hauna gari, umefungwa kwa waya kwenye miti, na kioo kinapanda, kimeshafika mdomoni, kimeshafika puani, na pembeni ya uso wa Shadia kioo kimeingia ukungu kwa ndani, kama anapohemea mtu mwingine, naye akatupa mwiko akakimbia akashika kitasa kwa mikono miwili akavuta kwa nguvu zake zote.

Haukubishana. Ulifunguka mwepesi sana, kana kwamba wa ndani naye alikuwa anasukuma.

Kitu baridi kikampita begani, kikiwa na harufu ya tope la barabarani. Shadia alikuwa amekaa juu ya kiota, mzima, nywele zake mpya hazijachafuka. Mwanaamina akamkumbatia mpaka mtoto akaguna.

"Asante, mama," Shadia alisema. "Umemfungulia."

Nyuma yao kuku walianza kushuka kwenye kuni. Mmoja, kisha mwingine, wakapita miguuni mwake wakaingia bandani bila kelele, kama kuku wa nyumba yoyote. Harufu ya petroli haikuwepo tena. Mwanaamina alielewa: mtu wa ajali alikuwa kwenye mlango huu wa kijivu, si ule mwekundu, na yeye ndiye amemtoa, na sasa getini honi ilikuwa inapigwa na Noah nyeupe inaingia, taa zinakata ukungu, Nurudini anacheka peke yake kwenye usukani. Hakuzima injini. Alijinyoosha akafungua mlango wa upande wa abiria kwa ndani, akausukuma wazi.

"Mama Shadia, njoo ukae kwenye kiti chako!"

Mwanaamina akafungua mdomo kumzuia, akachelewa. Noah ikalala kidogo upande wa kushoto, kama gari linapopandwa na mtu mzito, kisha mlango ukafungwa, polepole, kwa adabu. Tabasamu la Nurudini lilibaki usoni, ila macho yake yaligeuka kutazama kiti cha pembeni, na yakabaki hapo.

"Anakwenda kwao," Shadia alinong'ona. "Baba anampeleka."

Bodi ikapigwa. Pa, pa.

Na mguu wa Nurudini, uliotii mlio huo miaka mingi, ukatii kabla yeye mwenyewe hajafikiri.