Vitambaa vya Umwiza Vinatafuta Jua

Hapa kwetu Katindo, mu Goma, asubuhi inaanza na bido za maji. Wamama wanaenda kuteka maji, watoto wanafagia vumbi nyeusi mbele ya mulango. Kesho yake ile vumbi imerudi, kwa sababu mawe ya volkano Nyiragongo iko kila fasi. Lakini si vumbi nataka kuwaambia. Ni habari ya Umwiza, mutoto wa majirani yangu Papa Damascène na Mama Léoncie, watu waliotoka Rutshuru. Ni mutoto mupole. Alikuwa mu mwaka wa sita wa masomo ya musingi, na egzame, ule mutihani wa mwisho, ilikuwa karibu. Papa yake alikuwa anaambia kila mutu: "Huyu atakuwa muganga wa hospitali."

Basi Umwiza akaanza kuona mwezi. Nasema waziwazi: ni ile damu inatokaka kwa binti kila mwezi, akianza kukomaa. Musicheke. Hata mama zenu waliipata.

Mama yake alimukatia vitambaa ku kitenge cha zamani, akamwambia pole pole: "Ukifua, ficha chini ya matela, godoro yako. Papa yako asivione. Mwanaume akiona vile vitambaa, mikosi inaingia mu nyumba. Njo vile mama yangu aliniambia."

Mutoto anafua, anaficha. Na Goma, ile miezi ya mvua, hata shati yangu inanuka! Kitambaa kitakauka wapi? Umwiza anavaa kingali majimaji. Akaanza kuwashwa. Ngozi ikachubuka, kutembea ikawa taabu. Hakuambia mutu. Haya ilimufunga kinywa.

Siku moja, mwalimu akamwita ku ubao. Akasimama. Nyuma ya jupe, ile sketi yake ya masomo, kulikuwa damu. Mwenzake Cédrick akapiga kelele: "Angalieni! Nyiragongo imelipuka!" Darasa yote ikacheka. Umwiza akafunga triko yake ya baridi kiunoni, akakimbia nyumbani.

"Sirudi tena ku masomo."

"Na egzame?" mama yake akauliza.

"Waifanye wenyewe. Heri niende kuchunga mbuzi za koko, mama ya papa, kule Rutshuru."

Papa Damascène aliporudi, alikuta mutoto anaangalia ukuta.

"Ni malaria?"

Mutoto akavuta shuka ku kichwa. Papa akageukia mama.

"Kuna kijana amemuharibu?"

"Hapana, Papa Umwiza! Ni mambo ya wanawake."

Papa akakamata kofia yake, akatoka nje. Watu watatu mu nyumba moja, kila mutu na haya yake.

Mama Léoncie akapiga hodi kwa Mama Nabintu, mutu wa Bukavu. Tunakaa naye mu parseli moja, uwanja mumoja, na anatumikaka ku sante, nyumba ya matibabu, kama infirmiere, muuguzi. Yule mama anachekaka mpaka bati inatetemeka, lakini ile siku hakucheka. Akakaa ku kitanda na Umwiza.

"Onyesha fasi unaanikaka."

Umwiza akainua matela. Harufu ikatoka. Mutoto akajifunika uso.

"Toa mikono, binti yangu. Hii damu si uchafu, si ugonjwa, na hakuna dhambi ulifanya. Ni mwili unakomaa. Lakini kitambaa cha majimaji, mu giza, vijidudu vinaota humo kama uyoga. Njo vinakuwasha."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Tumia kitambaa laini, cha pamba, safi. Badilisha asubuhi, saa sita, mangaribi na kabla ya kulala. Kikijaa kabla ya saa, usingojee. Fua na maji baridi na sabuni, suuza mpaka maji ibaki safi. Kisha jua. Jua njo dawa, na hakuna mutu anaiuzisha. Oga kila siku, lakini ndani usitie sabuni. Na kesho tunaenda wote ku sante. Kule kuwashwa kunatibika."

Mama Léoncie akashituka. "Jua? Hapa watu wote wanapita? Na Papa yake?"

"Papa yake, kaleso zake, zile nguo za ndani, tunazionaka ku kamba kila siku ya posho, kila Jumamosi. Nani alikufa?"

Ile jioni Mama Nabintu akaelezea hata Papa mwenyewe. Papa alisikiliza akiangalia viatu vyake.

Siku ya posho jua likatoka. Lilikuwa linafika ku kamba moja tu, ile ya mbele ya mulango. Umwiza akaanika, akakimbia kujificha nyuma ya mulango. Na saa ile ile Papa Damascène akaingia na kaka yake mukubwa Niyibizi, pamoja na watu wa kanisa.

Muzee Niyibizi akasimama. "Damascène! Nini inaninginia hapa? Ni mikosi! Ondoa, tuingie."

Mama Léoncie akakimbilia kamba avitoe. Nyuma ya mulango Umwiza alikuwa anasikiliza. Kama wanavitoa, anaenda Rutshuru.

Mimi nilikuwa ku kiti changu, naona jasho inashuka ku shingo ya Papa.

"Mama Umwiza, acha," akasema. Sauti ilikuwa kidogo sana. "Kaka, ni nguo za mutoto wangu. Bila jua atagonjwa. Bila hizi hatasoma. Kama kuna mikosi, ikuje kwangu."

Akainua kamba na mukono wake. Watu wa kanisa wakainama, wakapita chini. Muzee Niyibizi alipita wa mwisho, macho amefunga kama mutu anaoga sabuni.

Siku ya kwanza, ile Jumatatu, Umwiza akarudi ku masomo. Mu mufuko wake kulikuwa vitambaa vikavu mu sashe safi ya plastiki. Mama Nabintu alikuwa amekwisha kuzungumuza na mwalimu, na mwalimu akafundisha habari ya mwezi kwa binti na vijana pamoja. Cédrick aliangalia meza. Dawa ya sante ikamaliza kuwashwa.

Siku ya egzame, mwezi wake ukafika. Alivaa kitambaa kikavu, akaenda. Vingine alivianika.

Karibu saa sita, wingu likafunika volkano, na mvua ikaanza kutonya. Mama Léoncie alikuwa ku soko. Nikaona Papa Damascène anatoka mbio bila kofia. Akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Haya ilikuwa ingali ku uso wake. Lakini alivianua vyote, kimoja kimoja, akavikumbatia ku kifua, akaingia navyo mu nyumba kabla havijalowana.